Siku Niliyowapatanisha Waandishi Waliokuja Kugombana

Nyie vijana mnaoanza ukalimani, nawaona mnavyoingia ukumbini na vidude vyenu vya masikioni na simu zinazotafsiri zenyewe, nami nacheka peke yangu. Si kwa dharau. Nacheka kwa sababu nimefanya makosa ambayo simu hiyo haitayaweza hata mkiifundisha miaka mia. Simu haina aibu, haina huruma, wala haihangaiki kama mteja atarudi kesho. Mimi nilikuwa na vyote hivyo, na siku moja vikanitia matatani mbele ya waandishi wawili na ukumbi mzima wa wasomaji wao, hapa hapa Guangzhou. Niseme kweli, sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi siku ile. Sogeeni niwaambie.

Kwanza mjue kwamba mimi sikuanzia kwenye vitabu. Nilipelekwa China nikiwa msichana kusomea ufundi wa viwanda vya nguo. Nikarudi nyumbani, nikafanya kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, na Kichina changu kikabaki kichwani kama gauni zuri lisilo na harusi ya kwenda. Biashara ilipochangamka, miaka ile ya elfu mbili na kitu, wenzetu wakaanza kumiminika Guangzhou kununua suruali, viatu na majenereta, na kila mmoja akitafuta mtu wa kumsemea. Nikafunga virago. Nikapata kameza kangu ghorofa ya saba ya jengo la Tianxiu, kwenye ofisi ya wakala wa makontena, na haukupita mwezi wakawa wananiita Mama Sauda Mdomo.

Aliyenifundisha kazi ni Papaa Ilunga, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu wa suti ya rangi ya ndimu na viatu vya kung'aa hata siku ya mvua. Kichina alijua maneno matatu tu: laoban, yaani bosi, tai gui, ghali mno, na meiyou, hakuna. Lakini watu aliwajua.

Siku yangu ya kwanza Xintang, kwenye karakana za jinzi, nilitafsiri kila neno kama nilivyofundishwa chuoni. Mteja wangu akasema, "Mwambie huyu mwizi kitambaa chake kinachuja." Nami, mtoto mtiifu, nikamwambia laoban kwa Kichina safi: wewe mwizi, kitambaa chako kinachuja. Tulitolewa nje sote, na mlango wa chuma ukashushwa nyuma yetu. Papaa Ilunga aliketi juu ya robota la suruali akacheka mpaka akavua miwani.

"Mama, sikia nikuambie. Bon. Kazi ya interprète haiko kubeba maneno. Iko kupatanisha bantu. Bantu bakigombana, container haitoke, na siye bote tunalala njala."

"Lakini kasema mwizi, Papaa."

"Yeye alisema mwizi. Weye unasema: laoban iko na macho mukali ya biashara. Voilà!"

Basi nikaishika hiyo. Usitafsiri tusi. Usitafsiri kukataa kwa kwanza, kwa sababu bosi akisema meiyou maana yake ni kwamba hajaamua bado kuinuka kitini. Wote wawili wakikukodolea macho, wewe tazama mzigo. Na wakikaribia kukubaliana, piga meza kwa kiganja useme "Haya, yamekwisha!" kabla mtu hajapata wazo jingine. Nilipatanisha watu ambao bila mimi wangeshikana mashati. Kuna mzee mmoja wa Mombasa na bosi wa viatu wa Sanyuanli ambao, kwa ulimi wangu, walikuwa marafiki mpaka wakaalikana harusi za watoto. Hadi leo hawajui waliambiana nini.

Sasa tuje kwenye vitabu.

Yusufu alikuwa kijana wa Kondoa aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari, mpole, anayeongea huku akitazama viatu vyake. Asubuhi moja akaingia ofisini kwangu jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Mama Sauda."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Lifti imejaa mabegi, nimepanda ngazi. Mama, tumepatwa na janga."

Janga lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na tamasha la vitabu mjini, wiki nzima ya waandishi kukaa jukwaani kujadili vitabu vya siasa, jamii na utamaduni, na safari hii walikuwa wamemwalika mwandishi wa kwetu, Bi. Tabu wa Unguja. Angekaa na Bwana Luo, mwandishi wa Kichina, wajadili vitabu vyao mbele ya watu. Yusufu alikuwa kwenye kamati. Mkalimani waliyempanga kakaukiwa na sauti, na shughuli ni keshokutwa.

"Si aseme Kiingereza tu?"

"Amekataa. Anasema kitabu kakiandika kwa Kiswahili, na kukitetea atakitetea kwa Kiswahili."

Nilimpenda kabla sijamwona. Nikaiacha meza yangu, nikajifungia na vitabu viwili na birika la chai.

Hapa chukueni kalamu, maana haya hayamo kwenye simu zenu. Kitabu cha mwandishi kisomeni kuanzia sura ya mwisho, kwa sababu jukwaani mtu huzungumzia alikofika, si alikotoka. Kwenye daftari andikeni majina na vitenzi tu, mengine yatakuja yenyewe. Kunyweni maji ya moto kama Wachina, msicheke, yanaokoa koo. Mwandishi akisema "mimi", nanyi semeni "mimi", si "anasema kwamba yeye". Na mwandishi asiyejua kunyamaza mwangushieni kalamu mguuni. Miaka ya baadaye nilimpata mmoja aliyezungumza robo saa bila kumeza mate. Nilimwangushia kalamu nne, ya tano akaniokotea na kunirudishia, akaendelea.

Kitabu cha Bi. Tabu kilikuwa kikali. Kilisema bidhaa za bei rahisi kutoka nje ziliua viwanda vyetu, na viwanda vilipokufa ikafa mikutano ya wafanyakazi, na mikutano ilipokufa siasa ikabaki ya wenye magari makubwa. Cha Bwana Luo kilieleza jinsi vijiji vya huku kusini vilivyogeuka viwanda, na kilisifu bidii ukurasa baada ya ukurasa. Nikaona hapa pana bei mbili zilizo mbali mbali. Akilini mwangu nikasema, hakuna taabu, nitazisogeza.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Upande mmoja wasomaji wa Kichina na madaftari yao. Upande wa pili wafanyabiashara wetu, waliokokotwa na Papaa Ilunga kuja kumwona mwanafunzi wake. Yeye mwenyewe alikaa mstari wa mbele na suti ya ndimu. Nyuma kabisa wanafunzi wa vyuo, Watanzania, Wakenya, Warundi, wale wanaojua Kiswahili na Kichina vyote viwili.

Bi. Tabu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kanga mabegani, miwani inaning'inia kwa kamba. Kabla hatujapanda jukwaani akanishika mkono.

"Bibie, nimesafiri siku mbili. Kitabu hiki nyumbani kimenipa watu wa namna mbili, wanaonipigia makofi na wasionisalimu. Hakuna hata mmoja aliyekaa kitako akanambia nimekosea wapi. Huyu bwana nasikia hakubaliani nami kabisa. Ndiye niliyemfuata. Nataka anipinge, nami nimpinge. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, Bi. Tabu."

Uongo. Masikio yalifahamu, lakini kichwa changu kilikuwa bado Xintang. Kilichosikia ni: huyu mteja ni mgumu, kuwa mwangalifu.

Akaanza Bwana Luo. Mrefu, shati jeupe, sauti laini kama ya daktari wa meno. Akasema kwa Kichina: "Kitabu cha bibi huyu ni kilio kirefu. Kinamlaumu kila mtu isipokuwa wale walioshika funguo za viwanda."

Ukumbi wote ukanitazama. Nikatafuta mzigo wa kuutazama, sikuuona, nikatazama chupa ya maji. Nikasema kwa Kiswahili: "Bwana Luo anasema kitabu chako kimemgusa sana, hasa penye machozi, na suala la funguo za viwanda ni la kutafakari."

Papaa Ilunga akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Bi. Tabu akakunja uso kidogo. "Ahsante. Lakini mwambie kaandika kurasa chungu nzima za kusifu karakana, na hakuna hata mmoja alipomuuliza msichana anayeshona kama mgongo unamuuma. Huo si utafiti. Hiyo ni picha ya harusi."

Nikamgeukia Bwana Luo. "Bibi anasema ameiona bidii yako. Kurasa zako zinapendeza kama picha ya harusi, na siku moja angefurahi kuwasikia na wale wasichana."

Bwana Luo akaweka mkono kifuani. Akainama.

"Mbona anainama?" Bi. Tabu akaninong'oneza. "Kakubali?"

"Ni mtu wa heshima," nikamjibu, na hilo ndilo neno la kweli pekee nililokuwa nimesema tangu nipande pale.

Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Wasiojua Kiswahili waliona bibi mkali wa sura lakini mwenye maneno ya asali. Wasiojua Kichina walimwona Mchina mnyenyekevu ajabu. Kule nyuma kwa wanafunzi mabega yalikuwa yanatetemeka, na mmoja alikuwa kajiziba mdomo na skafu. Mimi nikadhani wameguswa na amani ile.

Mwisho Bwana Luo akasema, "Watu wanaolaumu wageni hawatajenga kitu." Nikatafsiri kwamba angependa kujenga kitu pamoja naye. Bi. Tabu akapandwa na hasira, au labda kuchanganyikiwa: "Mimi na yeye? Hatuwezi kukaa hata ndani ya jalada moja!" Nami bila kupepesa macho nikamwambia Bwana Luo kuwa bibi anajiona pamoja naye ndani ya jalada moja.

Bwana Luo akasimama, uso umechanua, akanyoosha mkono. Mtu wa Unguja hawezi kuuacha mkono wa mgeni hewani. Bi. Tabu akaupokea. Na kiganja changu, Mungu anisamehe, kikapiga meza chenyewe: "Haya, yamekwisha!"

Mama mwongozaji wa kikao akadaka kipaza sauti akatangaza kwa furaha kwamba waandishi hawa wataandika kitabu kwa pamoja. Makofi! Papaa Ilunga akasimama akapiga mluzi.

Hapo ndipo aliposimama Njoki, msichana wa Kikenya aliyekuwa akisomea utabibu.

"Mathe, na heshima yote, hawa wawili hawajaagree kitu hata moja! Umewapatanisha na nguvu. Hii si Xintang!"

Kisha akageukia upande wa pili akayasema hayo hayo kwa Kichina, tena kizuri kuliko changu.

Bi. Tabu akavaa miwani yake, akanitazama. "Bibie. Umesema nini saa nzima?"

Vijana, ningeweza kudanganya. Ujuzi nilikuwa nao. Lakini nilimwona usoni, na hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepika siku nzima, mgeni akaja ameshashiba. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikachukua kipaza sauti nikaungama kwa lugha zote mbili, sentensi moja baada ya nyingine: huyu alisema hivi, mimi nikasema vile. Nilipofika kwenye picha ya harusi upande wa Wachina ulilipuka. Nilipofika kwenye jalada moja, kuna mzee alitolewa nje anakohoa kwa kicheko.

Bwana Luo alikuwa akipangusa macho. "Nilijiuliza," akasema, "mtu aliyeandika kitabu kikali vile imekuwaje awe mtamu hivi. Nikadhani labda nimezeeka vizuri."

Nikamtafsiria Bi. Tabu, neno kwa neno. Hakucheka.

"Umeninyima ugomvi wangu," akaniambia. "Nimeupandia ndege mbili." Halafu akanionyesha mwongozaji. "Muulize zimebaki dakika ngapi."

Zilibaki thelathini.

"Basi tunaanza upya. Na wewe bibie, ukinipunguzia hata neno moja, nitajifunza Kichina kwa hasira."

"Mama!" Papaa Ilunga akalia kutoka mstari wa mbele. "Unaharibu marché, biashara yote!"

Ile nusu saa ndiyo iliyonifanya mkalimani, na ndiyo iliyonipa matamasha yote niliyofanya mpaka nilipostaafu. Tulianza upya kabisa. Kilio kirefu! nikasema kwa sauti. Picha ya harusi! nikasema. Maneno yakaruka huku na huko, mimi katikati natoka jasho, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekufa. Niliyaogopa maneno makali miaka yote ile, kumbe wenyewe wayapokeao walikuwa wanazidi kung'ara. Bi. Tabu alisogea ukingoni mwa kiti kama binti wa miaka ishirini. Bwana Luo akakunja mikono ya shati. Alipobanwa tena juu ya wale wasichana washonaji alisema, "Sikuwauliza. Niliogopa wangeniharibia sura nzuri ya kitabu." Nikalitafsiri hilo, na Bi. Tabu akamwinamishia kichwa kwa heshima, akamvamia upya. Moyo wangu ulikuwa unaruka ruka kwa raha.

Kisha Bwana Luo akasema: "Mimi nilifika kwenye kiwanda kimoja cha nguo nchini kwenu. Saa nne asubuhi niliwakuta wafanyakazi wamelala juu ya marobota. Nani aliwaua hao? Bidhaa za nje?"

Na mwandishi akisema "mimi", wewe unasema "mimi". Nikafungua mdomo: "Mimi nilifika kwenye kiwanda kimoja cha nguo nchini kwenu. Saa nne asubuhi niliwakuta wafanyakazi..." Nikaishia hapo.

"Umepunguza?" akauliza Bi. Tabu papo hapo.

"Sijapunguza." Nikaimaliza sentensi, marobota na yote. Kisha nikasema, "Ila na mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha namna hiyo. Na juu ya marobota nimelala." Kwa kuwa nilishaahidi kusema yote, nikamtafsiria na Bwana Luo.

Akageuza kiti chake kizima kunielekea. "Kumbe mwenyewe tunaye! Tunabishana nini sisi wawili? Mama, kiwanda chako kilikufa kwa nini?"

Bi. Tabu naye akageuka. "Enhe. Sema, bibie."

Miaka yote ile ya kusemea watu, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nina maoni gani. Nilijisikia vizuri mno, nisiwafiche. Nikasema kwa Kiswahili, nikajitafsiri mwenyewe kwa Kichina:

"Nyote wawili mmekosea. Tulilala, ni kweli. Tulilala kwa sababu mashine zilikuwa zimesimama. Zilisimama kwa kukosa bolti na mikanda, na hapakuwa na karakana ya kutuchongea. Bidhaa za nje zilikuja baadaye, zikakuta maiti. Na wenye funguo walikuwa wanafungua kila siku saa moja na nusu, niliwaona kwa macho yangu. Kiwanda changu kilikufa kwa bolti."

Waandishi wakatazamana. Walitazamana kwa mara ya kwanza bila kupitia kwangu. Bwana Luo akatikisa kichwa polepole.

"Hakuna kiwanda kinachokufa kwa bolti," akasema.

Nikamtafsiria Bi. Tabu. Akapiga paja lake kwa furaha.

"Kabisa! Bolti! Sababu ni siasa, bibie, bolti ni dalili tu. Mwambie hapo naungana naye mia kwa mia."

Nikamwambia. Wakapeana mikono juu ya kichwa changu huku wakicheka, na ukumbi ukasimama kuwapigia makofi. Ndivyo walivyokubaliana kweli siku ile, jambo moja tu, kwamba mimi nimekosea. Na nililitafsiri pande zote mbili, sikupunguza hata neno.

Ilikuwa ni bolti, vijana. Nilikuwepo.